Jibu la Mbuzi

Mwanamke wa Kinoo akikwambia anamkumbuka mumewe, utamuuliza alizikwa lini. Virginia alimkumbuka wake huku huyo mume amekaa mbele yake mezani, anatazama chai.

Alikuwa ameoga. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Vifungo vya shati vilikuwa vyote, na kila kimoja kwenye tundu lake. Macho, ambayo miaka nenda miaka rudi yalikuwa mekundu kama ya mtu anayepuliza jiko, yalikuwa yamerudi kuwa meupe, na hayakupendezwa na chochote yalichokiona. Nje ukungu wa Julai ulikuwa umekaa. Ulimeza shamba la nepia, yale majani ya ng'ombe, ukameza choo, ukameza vyumba vya wapangaji na nguo zao kwenye kamba, hadi nyumba ya Kiarie ikabaki peke yake katika ule weupe, kama punje ya mchele iliyoangukia kwenye maziwa.

Virginia alitia sukari kwenye kikombe, akakoroga.

"Hiyo kijiko," Kiarie akasema.

"Imefanya nini?"

"Inapiga kelele."

"Ni kijiko, Baba Debra. Ukikoroga inagonga."

"Koroga bila kugonga."

Virginia akakoroga kama mtu anayetega bomu. Kiarie alisikiliza kila mzunguko, shavu likimcheza. Mwishowe akainuka, akamnyang'anya kijiko kwa adabu, akatoka hadi mlangoni, akakirusha ukunguni. Walisikia kikigonga bati la wapangaji. Mbwa akabweka kidogo halafu akaona haina haja. Kiarie akarudi, akakaa.

"Sasa kunywa chai."

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile tangu Kiarie aache pombe.

Zamani Virginia alikuwa analala mapema na kuacha masikio mlangoni. Jioni ikishaingia vizuri, angesikia wimbo kwa mbali, kule juu kwenye baa karibu na barabara. Wimbo ungeteremka na njia, ungepotea kwenye nepia, ungeibuka tena kwenye mti wa parachichi, ukikaribia, sauti nzito yenye asali, nzuri kuliko ya mtu yeyote kwenye kwaya ya kanisa. Kiarie aliutunga mwenyewe na hakuuimba akiwa na akili zake:

Mbuzi wa Kinoo kaenda Dagoretti,
kaona visu, kaona ndoano,
soko lacheka, yeye amenuna.
Mchinjaji kamuuliza, wewe mbuzi, mbona umenuna?

Hapo ndipo alipofikia daima. Angeegemeza paji la uso mlangoni, amuulize mbuzi mara mbili tatu, halafu usingizi umbebe akiwa wima. Virginia angefungua, amvute ndani, amvue viatu. Katika ndoa nzima hakuwahi kusikia mbuzi alijibu nini.

Tuelewane, Virginia hakuwa mjinga. Alikuwa anakumbuka pia mengine. Alikumbuka Kiarie akilala kwenye hori ya ng'ombe, na ng'ombe akikataa kula kwa heshima. Alikumbuka Debra, msichana wao wa pekee, akiwa na sare ya shule, akimsukuma babake kwa wilbaro kutoka baa, na watoto wenzake wakihesabu hatua kwa kuimba. Lakini akili ya mtu ni kama karai la viazi sokoni. Vizuri huwekwa juu.

Kiarie alikuwa fundi wa viti vya magari, pale Kangemi. Mwaka huo serikali ilikuwa imeamuru kila kiti cha matatu kiwe na mkanda, na kazi ilikuwa nyingi kuliko mikono. Siku moja mwezi wa tano alikuwa anashona kiti, akaona damu kwenye kitambaa. Alipofuatilia akakuta ile sindano kubwa ya kushonea viti imepita kidoleni, imeingia huku imetokea kule. Hakuwa amesikia lolote, kwa ulevi. Aliitazama kwa muda. Kisha akaichomoa, akaenda nyumbani kwa miguu mchana kweupe, na hakuonja tena. Hakumwambia mtu. Watu walijua kwa sababu alianza kununa.

* * *

Sokoni Kangemi, Virginia alikokuwa akiuza viazi, kulikuwa na zahanati ndogo nyuma ya wauza nguo, na daktari wake alikuwa Sifuna, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Virginia alimwachia jirani viazi, akapanga foleni na wenye watoto.

"Daktari, mume wangu ameacha pombe."

"Hongera, mama."

"Ndiyo maana nimekuja. Nisaidie."

Sifuna alicheka hadi akavua miwani. Alipoona mama hacheki, akaivaa tena.

"Anafanya nini?"

"Anakasirikia vijiko. Juzi alikasirikia jogoo, akaenda kuongea na yeye uso kwa uso. Halafu anakaa kwa stuli anatazama ukuta, unaweza fikiri kuna kitu imeandikwa hapo. Na sukari anamaliza. Mfukoni ni peremende tupu."

"Muache na peremende zake. Mama, sikia. Hiyo pombe ilikuwa imeandikwa kazi ya kumchekesha. Ilimchekesha miaka mingi, mpaka yeye mwenyewe akasahau kazi hiyo hufanywa namna gani. Sasa mfanyakazi amefutwa, na mwenye nyumba hajui hata sufuria ziko wapi."

"Atajua lini?"

"Ni miezi. Wengine zaidi. Ataona siku nzuri, mtashangilia, halafu kesho yake imerudi ile mbaya. Msishtuke. Ale, alale, atembee, asikae sana peke yake. Na ukisikia ameanza kuongea mambo ya kutotaka kuishi, usingoje asubuhi, mlete kwangu."

"Na hakuna dawa ya kununa?"

"Iko, lakini ile nzuri ungekunywa wewe."

Virginia alirudi kwenye viazi vyake akiwa na moyo mwepesi kidogo. Alijaribu. Jioni alimtoa Kiarie kutembea, wakapanda na kuteremka kando ya barabara kuu, katika ukungu uliokuwa na taa za magari ndani yake kama macho ya ng'ombe waliopotea. Kiarie alitembea mbele kwa haraka, akilalamika juu ya nyasi, juu ya lami, juu ya watu waliotengeneza lami. Virginia alimfuata na leso kichwani. Wakati mwingine ukungu ulimfunika mumewe akabaki sauti tu inayonung'unika, na hapo Virginia aliweza kujidanganya kwamba mwisho wa ule mnung'uniko ungegeuka wimbo.

Haukugeuka.

* * *

Karanja, kaka mkubwa wa Kiarie, alikuja siku ambayo Kiarie yuko kazini. Alikuwa na kofia ya manyoya na nyumba za kupanga, na mambo yote ya ukoo yalipitia kwake kama maji kwenye mfereji. Alikaa, akaweka kofia kwenye goti.

"Mama Debra, wageni wetu wamesema ni wiki ya pili ya Agosti. Nimeongea na mzee wao, Muasya, yule mjomba wa Muli, kijana anayemwoa Debra. Mtu mzuri. Mkamba, lakini amekubali tufanye na mila ya kwetu, tufanyie pale kwangu kwa sababu kuna nafasi. Imebaki neno moja."

"Sema."

"Pembe."

Virginia alijua. Siku ya ruracio, yaani ya mahari, watu wakishashiba maneno, msichana huitwa mbele ya wote na kupewa pembe ya pombe. Anaulizwa kama pombe ya watu hawa inywewe. Akiwakubali, anaonja, anampa babake, anamwambia kunywa. Baba akinywa, ameshamtoa. Asipokunywa, watu wamekuja kula mchele tu, waende nyumbani.

"Mimi naona tuweke soda," Karanja akasema. "Kwa sababu ya ndugu yangu. Kule kwa kina Mungai waliweka Fanta na msichana akaolewa sawasawa, hata ana mimba. Nimeshamdokezea Kiarie hivyo. Lakini wewe ndiye mwenye nyumba, sitaki baadaye niambiwe niliharibu."

Virginia akatazama nje. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka kutoka kwenye nepia, na ile njia ya kutoka barabarani ilikuwa inatokeza kidogo kidogo, tupu, imelowa. Aliitazama. Na kweli, kama mtu anavyosikia jina lake likiitwa kwenye mto, alisikia ile sauti ya asali ikiteremka. Kuonja tu, akawaza. Mara moja. Aimbe mara moja, nimsikie mbuzi, halafu Jumatatu aache tena. Aliyeacha mara moja si anajua njia?

"Weka muratina," akasema.

"Muratina? Ya asali?"

"Ile ya ukweli."

"Na Kiarie?"

"Ameniambia mwenyewe. Ni kulowesha mdomo tu, hakuna shida. Hataki kuaibika na Fanta mbele ya wakwe."

Karanja alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha. Akavaa kofia.

"Basi nitaenda Murang'a mwenyewe kwa niaba ya wakwe. Kuna mzee huko bado anajua. Hawa wa hapa wanaweka vitu sijui vya betri."

* * *

Wiki moja kabla ya wageni, Virginia na Kiarie walienda mjini kumtafutia Kiarie viatu. Katika duka la kwanza Kiarie aligombana na muuzaji juu ya urefu wa kamba. La pili, juu ya harufu. La tatu alikaa kwenye benchi, akavaa kiatu kimoja, na hapo akaishiwa. Alitazama kile kingine sakafuni kama mtu anayetazama upande wa pili wa mto.

"Kilipie hicho," akasema. "Twende."

"Kingine hujajaribu."

"Miguu ni ndugu."

Wakaingia Uhuru Park na sanduku la viatu, Virginia akanunua hindi la kuchoma. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana na jua lilikuwa limejitokeza, hafifu, la kukopesha. Nyasini wafanyakazi wa maofisi walikuwa wamelala kwa mamia, kila mtu alipoangukia, magazeti usoni, tai zimelegezwa, viatu vimepangwa pembeni kana kwamba wako mlangoni kwao. Kule chini boti zilizunguka polepole kwenye lile ziwa dogo. Mhubiri alikuwa akihubiri kwa mbali na sauti haikufika, mikono tu ilifika.

"Hawa wote wanalala," Kiarie akasema. "Hakuna hata mmoja amelewa. Wanaweza namna gani?"

"Wamechoka."

"Mimi pia nimechoka." Akapapasa mfukoni. "Nasikia kila kitu. Nasikia viatu za watu huko barabarani. Nakusikia ukitafuna."

"Nitafune polepole?"

"Hapana. Tafuna." Akafungua peremende, akaitia mdomoni. "Sijui nikwambieje. Naamka asubuhi naona kila kitu iko rangi ya sufuria. Si huzuni, huzuni ningelia ikaisha. Ni kama mtu amezima stima halafu ameniambia nikae tu, fundi anakuja."

Virginia alishika hindi bila kulila.

"Najua mnataka yule mwingine," Kiarie akasema. "Usiseme hapana. Hata mimi namtaka. Alikuwa mtu wa watu. Huyu wa sasa mimi simjui, na ndiye naamka naye. Lakini nikimwita yule, Virginia, hata aonje tu, aweke mguu mmoja ndani, hatoki tena. Najifahamu. Ndiyo maana Karanja aliponiambia siku ya Debra itakuwa soda, nilishukuru. Hiyo siku nilikuwa naiogopa kuliko kaburi."

Alikuwa amemwita Virginia. Si Mama Debra. Tangu wazae hakuwa amelitumia jina hilo nje ya hasira.

Virginia akafungua mdomo amwambie. Alipogeuka, Kiarie alikuwa amelaza kichwa kwenye sanduku la viatu, na alikuwa amelala. Peremende ilivimba shavuni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilala mchana bila harufu. Kivuli cha wingu kilipita juu ya wale watu wote waliolala, kikapita juu yake, kikaenda zake upande wa hoteli kubwa, na Virginia akakaa akimfukuzia nzi kwa gunzi la hindi, na hakumwamsha.

* * *

Alikwenda kwa Karanja siku hiyo hiyo. Karanja alikuwa ameshaondoka kwenda Murang'a, na simu yake ilikuwa imezimwa. Alikuwa anaiwasha akitaka kupiga tu, asije akaimaliza.

Debra alikuja wikendi kutoka mtaa wa Jamhuri, alikokuwa amepanga chumba na kufundisha watoto wa chekechea. Alikuwa na mwendo wa babake na mdomo wa mamake.

"Mum, Uncle anaweka soda, si ndio?"

"Ndio," Virginia akasema, akiinamia viazi. "Soda."

"Sababu unajua mimi ndio naambiwa nimwambie akunywe. Siwezi kumwambia hivyo na ile kitu. Muli akitaka kuniacha aniache."

"Nimesema ni soda. Kwani unanihoji kama polisi?"

Kisha akaenda dukani, akanunua kreti ya Fanta kwa pesa za viazi, akaificha chini ya kitanda. Mpango ulikuwa rahisi. Karanja akifika na kibuyu, atamwita kando, atamwambia ukweli, watabadilisha. Mipango yote ya watu waoga huwa rahisi hivyo, na huanza na mtu kuitwa kando.

Karanja alifika kutoka Murang'a asubuhi ya siku yenyewe, wageni wakiwa tayari langoni kwake.

* * *

"Tumepotea," Mzee Muasya alikuwa akisema nje ya lango. Matope ya Kinoo yalikuwa yamemvua kiatu kimoja na alikuwa amekishika mkononi kwa heshima, kama Biblia. "Tulikuwa tunapita, tukaona ua zuri kwa hili boma."

"Hapa hakuna maua," shangazi mmoja akajibu kutoka ndani. "Hapa ni sukuma wiki."

"Basi hiyo sukuma wiki imemfanya kijana wetu asilale."

"Apewe dawa ya minyoo."

Walicheka pande zote mbili, lango likafunguliwa, wakaingia kwenye hema. Muli, bwana harusi mtarajiwa, alikuwa kijana mrefu mwenye suti iliyomkaba, na alikaa kama aliyeletwa mahakamani. Virginia alikuwa jikoni na sufuria za pilau. Kila alipotoka kumtafuta Karanja, mtu alimpa sahani. Alipopata nafasi, Karanja alikuwa ameshasimama katikati ya hema, na pembe ilikuwa mkononi mwake, imejaa.

"Debra aitwe."

Debra akaja na leso mpya begani. Kiarie alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha heshima, viatu vipya, uso uliofungwa kwa kufuli. Kutoka alipokuwa, Virginia aliona ukungu umerudi, umesimama nyuma ya hema kama mgeni asiyealikwa.

"Msichana wetu," Karanja akasema, "watu hawa wameleta pombe. Tuinywe ama tusiinywe?"

Debra akapokea pembe kwa mikono miwili, akainama aonje. Ile harufu ikapanda, ya asali iliyochacha na moshi. Akasimama hapo hapo. Kiarie alikuwa ameisikia pia. Mkono wake uliingia mfukoni, na katika kimya cha watu wote karatasi za peremende zikasikika zikikunjwa, na kukunjwa, na kukunjwa.

Muli alimwona Debra akisita, akafuta jasho. Shangazi wakaanza kutazamana. Debra akainua macho, hakumtazama Muli, hakumtazama babake. Alimtazama mamake.

Virginia akaweka sahani chini.

"Karanja, ngoja."

"Mama Debra, huu si wakati wako wa kuongea."

"Najua. Nimeuchukua."

"Kwetu," Mzee Muasya akasema taratibu, kiatu bado mkononi, "mama akisimama, sisi tunakaa." Na kwa kuwa alikuwa ameshakaa, alikaa zaidi.

Virginia alijifunga leso upya kiunoni. Alikuwa na mafuta ya pilau mikononi na hakuwa na pa kuyafuta.

"Hiyo pombe niliiagiza mimi. Karanja alitaka soda, nikamdanganya kwamba mume wangu amekubali. Debra ameniuliza, yeye pia nikamdanganya. Baba Debra ameacha pombe. Anaogopa hiyo pembe, na mimi nilitaka ainywe. Nilitaka kwa sababu nimechoka. Akiwa mlevi alikuwa ananiimbia. Sasa amekuwa mtu mzima na ananuna kutoka asubuhi. Anatupa vijiko."

Kutoka upande wa kuoshea vyombo, sauti ya mpangaji wao mmoja aliyekuja kusaidia ikasema polepole:

"Kumbe ni nyinyi. Hiyo kijiko iko kwangu."

Shangazi mmoja akaficha uso kwenye leso, mabega yakitikisika. Virginia aliyatazama matope. Wakwe wake wapya walikuwa wamemjua kabla hata ya kumaliza pilau. Walioketi karibu na Kiarie walisema baadaye kwamba shavu lilimcheza na wakajiandaa kukimbia.

"Mama Debra," akasema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi lete chai. Watu wanakaa kwa baridi."

Akaenda, akaleta kikombe.

"Ongeza sukari."

Akaongeza.

"Bado."

Akaongeza tena, akakoroga, na kijiko kikagonga, kikagonga, hema nzima ikisikiliza. Kiarie alikunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Alingoja hadi kijiko kikanyamaza chenyewe. Kisha akasimama, akachukua ile pembe kutoka kwa Debra kwa mkono ulionyooka mbali na pua, akampa Karanja, na akaweka kikombe mikononi mwa msichana wake.

"Debra. Hawa watu unawajua?"

"Nawajua, Dadi."

"Hii chai niikunywe?"

Debra alionja. Utamu ule ulimkunja uso mzima. Machozi yalikuwa yameshafika, hatujui kama ni ya mila au ya sukari.

"Kunywa, Dadi."

Kiarie akanywa mpaka chini.

"Hiyo si mila," Karanja akasema, pembe imejaa mkononi na hana pa kuiweka.

"Mimi ni mgeni," Mzee Muasya akasema, "sijui mila yenu sana. Nimesikia msichana akisema kunywa. Na mzee amekunywa." Akavaa kiatu chake, matope na yote, kuonyesha kwamba kwa upande wao shauri limeisha.

"Na hii?" Karanja akauliza. "Pembe haimwagwi. Nimetoka nayo Murang'a nikiipakata kama mtoto."

Kiarie akageuka, akamtazama mkewe.

"Mpe mwenye kuagiza."

Hema ikaangua kicheko, na Virginia akajua kwamba hiyo ndiyo faini yake, na kwamba ingeweza kuwa kubwa zaidi. Akaipokea pembe. Hakuwa amewahi kunywa kitu kikali kuliko dawa ya kikohozi. Ilikuwa chachu, halafu tamu, halafu joto lilipanda kutoka kwenye magoti. Shangazi wakapiga vigelegele, na kwa ukarimu wa watu wa Kinoo, pembe ikajazwa tena.

* * *

Walirudi nyumbani jioni kwa ile njia ya nepia. Wageni walikuwa wameshaondoka, Debra na Muli wamebaki kwa Karanja wakikunja viti. Ukungu uliwafika kiunoni, na Virginia aliona ajabu kwamba hana miguu na bado anaenda. Kiarie alimshika kiwiko.

"Huku. Hapo ni mtaro."

"Mbuzi wa Kinoo," Virginia akaanza.

"Punguza sauti. Wapangaji."

"Kaenda Dagoretti." Sauti yake haikuwa na asali hata kidogo, ilikuwa ya kuitia kuku. "Kaona visu, kaona ndoano. Soko lacheka, yeye amenuna."

Walifika mlangoni. Virginia akaegemeza paji la uso kwenye ubao, mahali palipokuwa pameng'arishwa na paji lingine, akashangaa palivyo baridi na pazuri.

"Wewe mbuzi, mbona umenuna?" akaimba. Akangoja. "Baba Debra. Anajibu nini?"

"Nani?"

"Mbuzi."

Kiarie alisimama na ufunguo. Alifikiri kwa uaminifu.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kufika hapo."

Akafungua, akamvuta ndani, akamkalisha kitandani. Akapiga magoti, akaanza kumvua viatu. Alinung'unika juu ya vifungo vya viatu, juu ya waliotengeneza vifungo, juu ya matope ya kaka yake. Akagonga mguu kwenye kreti ya Fanta, akanung'unika juu ya Fanta. Virginia alimsikia kutoka mbali, na hapo katikati, kabla usingizi haujamfunika, ule mnung'uniko ulianza kuwa na mapigo.

Usidhani Kiarie alipona siku hiyo. Kabla ya Krismasi kijiko kingine kiliruka, na kifuniko cha sufuria, na kulikuwa na juma zima mwezi wa kumi alilolimaliza akitazama ukuta, Virginia akamtembeza hadi kwa Sifuna na kumrudisha. Lakini asubuhi iliyofuata ruracio, ukungu ukiwa umemeza nepia na choo na wapangaji, Virginia aliamka na kichwa kilichopasuka pande mbili, akamkuta Kiarie mezani, ameoga, amepika chai mwenyewe. Kijiko kilichopotea kilikuwa kimening'inizwa langoni na mpangaji, na sasa kilikuwa kwenye kikombe, kikizunguka, kikigonga.

"Hiyo kijiko," Virginia akasema, akishika kichwa.

"Imefanya nini?"

"Baba Debra, tafadhali."

Kiarie aliendelea kukoroga. Aliitazama njia ikitokeza kidogo kidogo kwenye weupe.

"Amesema amenuna kwa sababu ameamka," akasema.

"Nani?"

"Mbuzi." Akaonja chai, akakunja uso. "Na kwamba hii haina sukari."

Virginia akamsogezea mkebe.